Njia ya Kwa Punda

Chepngeno alipokuja kumwita, Adero alikuwa amejaa unga hadi viwiko, na jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa kuhusu miche.

"Lori imekwama Kwa Punda," Chepngeno alisema akiwa bado langoni, mtungi mtupu mkononi. "Iko katikati ya maji kabisa. Na mafuta inamwagika."

"Imegusa miche?"

"Kuja tu, Mama Shantel. Mimi sikukaa kuangalia."

Adero aliuacha ule unga palepale kwenye sufuria, akajifuta kwa leso na kutoka. Kusema kweli, hakuhuzunika. Alifurahi. Tangu kamati ya mto iweke kizuizi pale daraja la Kanyoi, na kuwatoza wenye malori shilingi mia kila wanapovuka, walikuwa wakisikia tu kwamba kuna madereva wanaokwepa kwa kupitia mtoni. Alfajiri walikuwa wakikuta alama za magurudumu kwenye matope na maji yamekuwa kama chai ya maziwa, lakini mwenyewe hawamwoni. Leo amepatikana, tena mchana kweupe.

Adero ndiye aliyekuwa katibu wa kamati hiyo, na kizuizi kile alikipenda kama mtu anavyompenda mtoto aliyemzaa kwa taabu. Alikuwa ameketi siku mbili kwenye mabenchi ya ukumbi mmoja pale Nakuru akimsikiliza afisa wa maji akieleza kwamba anayeuchosha mto ndiye anayefaa kuutibu. Kila lori la mawe linalotoka machimboni, alisema afisa, linatikisa kingo, linamwaga vumbi na mafuta, kisha linakwenda zake kujenga nyumba za watu wengine. Likilipa, mwenyewe atafikiri mara mbili kabla ya kulituma likiwa nusu tupu. Malori yatapungua, na pesa zitanunua miche na nyaya za kuzuia mmomonyoko. Adero alirudi kwao Bahati akiyarudia maneno hayo hadi majirani wakayajua kwa moyo. Wa miguu, wa baiskeli na wa mikokoteni ya punda wangepita bure. Nani angekataa?

Njiani aliwakusanya wanawake wengine watatu. Alikuwa akitembea mbele na sauti yake ilikuwa mbele yake zaidi.

"Leo ni leo! Faini ya elfu tano itatoka, hata kama ni mtoto wa waziri. Na hiyo lori haivuki daraja tena miezi mitatu. Sheria ni sheria!"

"Sheria ni sheria," wakaitikia.

Walipofika ukingoni, lori lilikuwa limeinama upande mmoja, gurudumu la nyuma limezama hadi nusu, na mawe ya kujengea yamesogea yote kushoto. Dizeli ilikuwa imetandaza rangirangi juu ya maji. Mlangoni paliandikwa jina la duka: Pritam Hardware. Wapakiaji walikuwa wamekwisha kuyeyuka. Dereva peke yake ndiye aliyekuwa ameketi kwenye nyasi, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu pembeni.

Alikuwa Ogada, mumewe.

Wale wanawake wakanyamaza wote kwa pamoja, na kunyamaza kwao ndiko kulikomchoma Adero kuliko lori lenyewe. Laiti wangecheka.

"Baba Shantel," akasema.

"Mama Shantel."

"Unafanya nini hapa?"

"Si unaona."

"Daraja iko pale."

"Naiona," Ogada akajibu, macho yake yakiwa kwenye maji. "Gia iliruka. Nikajaribu kurudi nyuma."

Huko nyuma alikojaribu kurudi ndiko kulikokuwa na kitalu cha kamati. Gurudumu lilikuwa limepita juu ya matuta mawili ya mianzi na tuta moja la mikuyu, mifuko ya miche imepasuka na udongo wake mweusi umekanyagwa pamoja na majani. Adero alichuchumaa akaokota mche mmoja, akaurudisha chini. Alikuwa ameyamwagilia maji matuta yale kwa mikono yake kiangazi chote.

Wangare, mwenyekiti wa kamati, alifika akihema, na nyuma yake Kimaiyo, kijana wa pale kizuizini, na kitabu chake cha risiti kwapani. Wangare alilitazama lori, akamtazama Ogada, kisha akamgeukia Adero na kumshika bega.

"Ngai, pole," akasema kwa sauti ya chini. Halafu akaipandisha ili wote wasikie: "Lakini sheria uliandika wewe mwenyewe, katibu. Lori haitoki hapa mpaka mwenyewe akuje."

"Kwani nimesema iachwe?" Adero akauliza.

"Madam katibu," Kimaiyo akaingilia, kalamu tayari. Kwa kweli hakuwa na ubaya wowote, ni kijana tu aliyefundishwa kazi. "Dere niandike jina gani?"

Kimaiyo alilijua jina lile. Alikuwa amewahi kula kwao. Lakini fomu ilitaka shahidi wa kamati aliseme, na fomu nayo ilikuwa imetungwa na Adero.

"Andika Ogada," akasema.

*

Pritam alifika kutoka mjini baada ya chakula cha mchana, amevaa kilemba cha buluu na viatu ambavyo havikutengenezewa matope. Alikuwa amezaliwa Nakuru, na babake kabla yake aliuza misumari na mabati dukani palepale, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani wala mzunguko wa maneno. Aliliangalia lori lake kwa muda, akapangusa jasho.

"Kuna mtu ameumia?"

"Hapana, bosi," Ogada akasema. Alikuwa amesimama sasa, viatu vimevaliwa bila soksi.

"Shukuru Mungu. Sasa niambie, Ogada. Kwa nini uko kwa maji?"

Watu walikuwa wameongezeka, kama wanavyoongezeka mahali popote penye aibu ya mtu.

"Mimi kila asubuhi si nakupea pesa ya daraja? Mia ya kwenda, mia ya kurudi. Kila tripu. Si nakupea?"

"Unanipea."

"Sasa imekuwa ikienda wapi?" Pritam hakuwa akipiga kelele, na hilo lilifanya mambo yawe mabaya zaidi. "Ulianza kuendesha gari ya baba yangu mimi nikiwa shule. Sijawahi kukudai risiti hata siku moja. Wale wengine nawadai. Wewe sikukudai."

Hapo ndipo Adero alipojua pesa zilikokuwa zikienda. Kila jioni Ogada alikuwa akiweka noti mezani, chini ya kikombe, na kusema, "Hii ni ya mboga." Alimwambia ni ovataimu, kwamba ujenzi umechangamka mjini na bosi anaongeza kidogo. Kwa pesa hizo Adero alikuwa amenunua mafuta, nyama ya Jumapili, sweta ya shule ya Shantel, hata ule mpira wa kunyunyizia maji kitaluni. Mbaya zaidi, alikuwa amejisifu. Alimwambia Chepngeno, mara si moja, kwamba mwanamume wake si wa kupitia baa, kila senti inafika nyumbani. Sasa alimwona Chepngeno akimtazama, kisha akijifanya anachunguza kifuniko cha mtungi wake.

Pritam na Wangare wakajitenga kando ya gari kuzungumza. Walizungumza kwa muda mrefu, na Wangare alirudi akiwa na uso wa mtu aliyepewa habari njema ambayo bado hajaizoea.

"Bwana Pritam ako na maneno," akawatangazia. "Faini atalipa. Na si hiyo tu. Malori yake yote manne atakuwa anatulipia kwa mwezi, mbele, pesa taslimu, tukimpunguzia kidogo. Lakini hiyo mambo ya miezi mitatu tuache. Hii lori ikifungiwa, anasema hana haja na dereva wake."

"Si kwa ubaya," Pritam akasema, akimtazama Adero kana kwamba anamwomba radhi. "Lori ikilala miezi mitatu, nitamlipa mtu kufanya nini? Mkinikubalia, nitamwachia kazi. Nitamkasirikia, lakini nitamwachia."

Wangare akasema hilo si la mtu mmoja kuamua. Kesho wanachama wote wakutane uwanja wa kanisa, wapige kura.

*

Walikula mapema jioni hiyo, Shantel akiwa katikati yao akisimulia habari za shule ambazo hakuna aliyezisikia. Alipotoka kwenda kucheza na watoto wa plotini, Adero akasogeza sahani yake.

"Uliniambia ni ovataimu."

"Nilikwambia."

"Kwa nini?"

"Ningekwambia ukweli ungekula?"

Adero alifungua mdomo kusema asingekula, akaona hana hakika, akaufunga. Mwezi wa nane, ada zilipokuwa zinadaiwa, huenda angekula na kushukuru.

"Sikunywa hiyo pesa," Ogada akaendelea. "Sikupeleka kwa mwanamke mwingine. Ilikuja hapa. Hii sufuria, hii mafuta. Mimi sisemi sikukosea, nilikosea, Pritam hakustahili vile nimemfanyia. Lakini usiniangalie kama mwizi ametoka mbali."

"Na mto?"

"Mto gani?"

"Huo umeingiza lori ndani, Baba Shantel! Huo watu wanakunywa! Tumepanda miti miezi yote hii, tumechanga, tumekaa kwa jua, na wewe unajua. Mimi nalala na wewe nikikuhadithia!"

Ogada aliinamisha kichwa. Alipoinua, hakuwa na hasira.

"Sasa nikuulize kitu, na unijibu kama Adero, si kama katibu. Hii geti yenu imesaidia nani? Mimi ndio niko kwa barabara. Lori hazijapungua hata moja. Watu wanajenga Nakuru, mawe lazima ishuke. Wakubwa wanalipa hiyo mia wanaongeza kwa bei ya mawe, mwenye kujenga analipa bila kujua. Wadogo hawana, wanashuka Kwa Punda. Zamani tulikuwa tunapita juu ya daraja, maji iko chini imetulia. Saa hii tunapita ndani."

"Si ni nyinyi mmeingia?"

"Ni sisi. Kabisa. Na ni nani alitutengenezea njia?"

Jibu Adero alikuwa nalo. Kwa Punda palikuwa zamani ni bwawa la matope, punda wakizama hadi tumboni na wanawake wakiteleza na mitungi. Mwaka juzi yeye mwenyewe ndiye aliyewaongoza wanawake kuzoa mawe yaliyokataliwa machimboni, wakayapanga kutoka ng'ambo hii hadi ile, wakajaza changarawe katikati. Waliifanya kazi ile vizuri mno, wakachinja na kuku. Kisha, miezi michache baadaye, wakaweka kizuizi darajani, mwendo wa kurusha jiwe kutoka hapo, na hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kwamba sakafu inayombeba punda na mkokoteni inaweza kubeba lori.

"Kesho utasimama wapi?" Ogada akauliza.

"Sijui."

"Wakifunga lori mimi nimefutwa. Na kwa umri wangu, na hii story imefika stendi ya Nakuru tayari, hakuna mtu atanipa gari." Alisema hivyo bila kumtisha, kama anavyosema mtu bei ya unga. "Nakwambia tu ujue."

Adero alijua. Alimkasirikia, na papo hapo akamwonea huruma, na akamkasirikia tena kwa kumfanya amwonee huruma. Akainuka akakusanya sahani.

*

Ilikuwa Oktoba ya mwaka wa kampeni, na watu walikuwa wamezoea mikutano. Uwanja wa kanisa ulijaa hata wasio wanachama, akiwemo Ogada, aliyesimama nyuma kabisa karibu na pipa la maji na mikono mfukoni.

Wangare alisema vizuri, na mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Aliwakumbusha ile kona ya juu, ambapo ukingo ulikuwa ukimeguka kila masika hadi shamba la Kosgei likaingia mtoni. Sasa imefungwa nyaya na mawe, mianzi imeshika, na haijameguka tena. Pesa za kufanya hivyo zilitoka wapi? Mbinguni? Zilitoka pale kizuizini. "Msikie mtu akisema geti haisaidii," akasema. "Muulizeni alileta nini yeye."

Watu wakapiga makofi, na Adero naye akapiga, kwa sababu ile mianzi ya kona ya juu aliipanda yeye.

"Sasa Bwana Pritam anatuletea pesa ya mwezi mzima mbele. Tutanunua miche maradufu ya ile iliharibika. Na nyumba ya mwenzetu haitalala njaa. Mnataka nini ingine?"

Mzee mmoja akauliza kama madereva wengine wataendelea kushuka mtoni. Wangare akasema Kimaiyo ataongezewa mwenzake wa kulinda.

"Mwenyekiti," Kimaiyo akasema kutoka pembeni, "watu wawili hawawezi simamisha lori ikishaamua. Hiyo ni ukweli tu."

"Keti, Kimaiyo."

Hapo Adero akainuka. Hakuwa amepanga maneno. Alihisi macho ya Ogada kutoka kule kwenye pipa, akajilazimisha asigeuke.

"Mimi ni bibi ya Ogada," akaanza, na watu wakacheka kidogo kwa sababu hakuna asiyejua. "Hiyo pesa ya daraja yenye hakulipa, nilikula. Sikujua, lakini nilikula, na mtoto wangu amevaa. Kwa hivyo msiseme naongea kama mtu msafi."

Kicheko kikaisha.

"Ile kona ya juu imepona, ni ukweli. Lakini huku chini, tangu tuweke geti, maji imekuwa chafu kuliko vile tulianza. Chepngeno, si unachotea hapo? Unaacha debe ikae mpaka saa ngapi ndio uchuje?"

"Mpaka jioni," Chepngeno akasema kwa sauti ndogo.

"Zamani?"

"Zamani nilikuwa nakunywa hapo hapo."

"Sisi ndio tulifanya hiyo sakafu Kwa Punda. Mimi ndio niliwaita. Halafu tukafunga daraja na mlango ingine tukaacha wazi ndani ya maji. Geti kama hiyo haisafishi mto. Inasukuma lori kwa mto na kutuletea pesa ya kununua miche ya kukanyagwa. Mimi nasema sheria ifuatwe, na ile sakafu tuing'oe. Na kama hatutaki kuing'oa, basi tufungue daraja watu wapite bure, angalau maji itulie. Lakini tusichukue pesa ya Bwana Pritam na kusema ni ya mto."

Uwanja mzima ukasema kwa wakati mmoja. Sakafu ing'olewe na punda wapite wapi? Wanawake washuke wapi na mitungi? Kuna wenye mimba! Mwanamume mmoja akapiga kelele kwamba mwanamke anayemfuta mumewe kazi hadharani anahitaji maombi, na hilo lilipata makofi mengi kuliko yote yaliyotangulia.

Wangare akainua mkono. Wangepiga kura kwa mlolongo, kama kamati ilivyozoea, kwa kuwa karatasi ni gharama na siri huleta fitina. Wanaokubali maneno ya Bwana Pritam wapange mstari nyuma yake yeye Wangare. Wanaokataa wapange nyuma ya Adero.

Adero akasimama mahali pake, akiutazama ukuta wa kanisa. Kwa muda hakuhisi mtu yeyote nyuma yake. Kisha Chepngeno akaja, akimsukuma kidogo mgongoni kumwonyesha kwamba yupo. Baadaye Kimaiyo, ambaye kwa hesabu yoyote ya busara alikuwa akipiga kura dhidi ya mshahara wake. Akaja na yule mzee aliyeuliza swali. Mstari ukakatikia hapo. Ule wa Wangare ulizunguka kanisa hadi chooni.

"Imepita," Wangare akasema. Watu walipokuwa wakitawanyika alimjia Adero, na machoni mwake hamkuwa na ushindi, mlikuwa na mshangao wa kweli. "Mama Shantel, Mungu ameonea nyumba yako huruma, na wewe unamrudishia mkononi. Kwani ulitaka nini?"

Adero akageuka kumtafuta Ogada karibu na pipa.

*

Walirudi nyumbani pamoja, Ogada hatua mbili mbele. Ogada ndiye aliyeanza walipofika kwenye ua.

"Ulisimama laini ile ingine."

"Nilisimama."

"Ukijua ni kazi yangu."

"Nikijua."

Alitikisa kichwa polepole, akaingia ndani, akalala bila kula. Adero angependa amgombeze. Alikuwa tayari kugombezwa, na hata majibu alikuwa nayo. Ile heshima ya kunyamaziwa ndiyo iliyomwumiza, akalia kidogo jikoni akimpigia Shantel pasi sare ya shule.

Asubuhi Ogada aliondoka kwenda machimboni. Lori lilikuwa limevutwa na kuoshwa, faini imelipwa, na Kimaiyo ameagizwa asidai chochote kwa malori ya Pritam hadi mwisho wa mwezi. Kila mtu alikuwa amepata alichotaka. Adero alifagia nyumba, akafagia ua, akafagia hadi mbele ya mlango wa jirani. Kisha akaenda kwa Kosgei kuazima mtaimbo.

Wanawake waliokuwa wakichota maji Kwa Punda walimwona akivua viatu na kuingia mtoni, wakaacha mitungi ikifurika.

"Mama Shantel, kura si ilipigwa?" mmoja akauliza.

"Kura ilikuwa ya Pritam. Hii sakafu hakuna mtu aliipigia kura."

"Na sisi tutashukia wapi?"

"Sijui," Adero akasema, kwa sababu kweli hakujua. "Tutateleza kama zamani."

Hakuna aliyemsaidia, lakini hakuna aliyemzuia pia. Alisukuma mtaimbo chini ya jiwe la ukingoni na kuning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Jiwe halikusogea. Walikuwa wamelipanga kwa bidii, wakalipigilia changarawe kila upande, na sasa lilikuwa limeshikana na mwenzake hadi pasingepita hata kisu. Akajaribu la pili. Mtaimbo ukateleza, akaanguka kwa magoti majini, na mmoja wa wale wanawake akasema pole kwa uchungu wa kweli.

Juu kwenye daraja lori likaja, likapunguza mwendo, likapita. Adero hakuinua macho. Alisikia likivuka hadi ng'ambo, kisha injini ikazimwa. Mlango ukafungwa. Baada ya hapo zikaja nyayo kwenye nyasi.

Ogada alisimama ukingoni akimtazama mkewe aliyelowa, nguo zimemgandama, mtaimbo umemshinda. Nyuma yake, malori mengine mawili yalikuwa yamesimama darajani, madereva wakichungulia madirishani. Walikuwa wenzake wa kila siku, waliokula pamoja kwenye kibanda cha machimboni na waliomfundisha njia hii au kufundishwa na yeye. Adero alijua anachokifikiria. Kuingia majini mbele ya wale ni jambo ambalo hangeweza kulirudisha nyuma.

Akakunja suruali.

"Si hilo," akasema alipomfikia. "Hilo ni la punda. Hata ukilitoa lori itapita." Akachukua mtaimbo mkononi mwake, akahesabu mawe kwa mguu, chini ya maji, bila kuyaona, kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba yake. "Tairi la kushoto linakanyaga hapa. Na hapa. La kulia linashikilia yale matatu. Hayo tu. Katikati ni nyembamba, mkokoteni utapita, na nyinyi mtashuka kama kawaida."

Adero alimtazama. Alitaka kumwuliza kwa nini hakusema jana, mbele ya watu, akatambua kwamba jana hakuna aliyemwuliza, na yeye pia hakumwuliza.

"Shika hapo chini," Ogada akasema. "Nikisukuma, vuta upande wako."

Wakasukuma na kuvuta. La kwanza lilitoka kwa mlio wa kunyonya, shimo likabaki, na maji yakaliingilia mara moja. Chepngeno aliyekuwa amefika wakati huo aliweka mtungi wake chini, akaingia, na baada yake wengine wawili. Jiwe la tatu lilipokuwa likiviringishwa hadi ukingoni, dereva mmoja kule juu akashindwa kuvumilia.

"Ogada!" akaita. "Sasa sisi tutapita wapi?"

Ogada alikuwa ameinama, mikono yote miwili ndani ya maji ikitafuta ukingo wa jiwe la nne. Hakuinuka.

"Hapo mko," akajibu kwa sauti ya kusikika. "Lipeni mpite."